Ukikwama Rironi, Pitia Njabini



Leo nazungumza na watu wa pikipiki. Nawataja wote kwa pamoja: mwanabodaboda anayetoka Limuru kupeleka mzigo Naivasha, kijana anayekwenda kwao Molo kwa pikipiki ambayo bado anailipia mkopo, na wale wa pikipiki kubwa wanaoondoka Nairobi Jumamosi alfajiri kwenda kunyoosha miguu Nakuru. Msimu huu wote wamekutanishwa na jambo moja. Barabara yao kuu inajengwa, na wakiondoka nyumbani hawajui watafika saa ngapi.

Tarehe 28 Novemba 2025, pale Kamandura katika kaunti ya Kiambu, Rais William Ruto alizindua ujenzi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit. Ni kama kilomita 170, zinazopita Naivasha, Gilgil na Nakuru mpaka pale njia inapogawanyika, moja ikaenda Eldoret na nyingine Kericho. Ndani ya kazi hiyo hiyo imo barabara ya chini, ile inayotoka Rironi ikateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu na kuibukia Naivasha, kilomita 58. Tuliisubiri kazi hii muda mrefu. Mkataba wa kwanza, uliokuwa chini ya kundi la kampuni zilizoongozwa na Vinci ya Ufaransa, ulitiwa saini mwaka 2020, ukakaa miaka, ukavunjwa.

Naiunga mkono kazi hii kwa moyo wangu wote, na nataka hilo lieleweke kabla sijasema neno jingine. Barabara yenye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi imebebeshwa mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, juu yake matatu zetu, juu yake magari ya nyumbani wakati wa Krismasi. Trela likizimika Kinungi, foleni inafika usiku. Na ni nani kati yetu ambaye hajasikia, asubuhi ya Jumatatu, habari za magari kugongana ana kwa ana Gilgil au Salgaa? Pale Sachangwan, Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka likawaka na kuua watu zaidi ya mia moja. Barabara hii inatudai damu, na kuipanua ni wajibu.

Lakini kujenga kunataka muda, na muda huo kuna watu wanaopita kila siku. Hapo ndipo penye hoja yangu. Kwa miaka mingi mtu akiambiwa barabara ya juu imefungana, alikuwa akipinda Rironi na kushuka Mai Mahiu. Sasa zote mbili zimo katika mradi mmoja. Ukikimbia tingatinga huku juu, yawezekana utalikuta lingine huko chini.

Kuna dhana kwamba foleni haimhusu mwenye pikipiki. Watu humwambia, wewe si unapenya tu! Anapenya, ni kweli, lakini tuangalie anapenyea wapi. Barabara inapoanza kupanuliwa, kitu cha kwanza kuondolewa ni ule ukingo wa kando, ambao ndio kimbilio la mwenye pikipiki trela linapomjia mbele likiwa linapita jenzake. Mahali pake panachimbwa, panamwagwa kifusi, panashindiliwa tabaka juu ya tabaka. Kati ya tabaka jipya na lami ya zamani panabaki ngazi, pengine ya urefu wa kiganja. Gari huipanda dereva asitambue. Tairi jembamba la pikipiki likiigusa kwa ubavu linaambaa nayo, linakataa kupanda, na mara mtu yuko chini na lori liko nyuma yake. Ngazi hiyo huvukwa kwa kuikabili karibu uso kwa uso, mwendo mdogo, makalio yakiwa yameinuka kidogo kwenye kiti, na vidole vikiwa mbali na breki ya mbele.

Penginepo lami ya zamani imekwanguliwa ili iwekwe mpya, na mashine imeacha mifereji myembamba inayokwenda sambamba na barabara. Mifereji hiyo hulishika tairi ikalichezesha kushoto na kulia. Anayeikuta mara ya kwanza hukaza mikono, na kukaza mikono ndiko kunakomwangusha. Mzoefu hubana tangi kwa magoti, akalegeza mikono na kuiacha pikipiki itafute njia yake. Halafu kuna lori la maji. Hupita kunyunyiza ili vumbi litulie, na kwa walio ndani ya magari huo ni msaada mtupu, lakini udongo uliolowa juu tu, na chini bado ni mkavu, huteleza kuliko matope ya mvua. Dakika chache baada ya lori hilo kupita, mwache mwingine atangulie.

Ukishuka kuelekea Naivasha, udongo unabadilika. Huko vumbi ni majivu ya volkano za zamani, jepesi, linaloning'inia hewani hata upepo ukitulia. Linaingia kwenye kichujio cha hewa, kwenye mnyororo uliopakwa grisi, kwenye macho. Mwanabodaboda anayepita hapo kila siku akisafisha kichujio mara moja kwa mwezi, injini itamdai. Na huku juu, Uplands na Kimende, adui ni ukungu. Miezi ya Juni na Julai hushuka asubuhi mpaka taa ya lori la mbele inaonekana ukiwa umeshalifikia. Ukungu huo, pamoja na pipa la plastiki lililosogezwa usiku na tingatinga lililoegeshwa bila taa, ni mauti. Koti linaloakisi mwanga livaliwe hata kukiwa kumepambazuka.

Kosa jingine si la udongo wala la mashine. Ni letu wenyewe. Magari yakisimamishwa, mmoja anatoka kwenye mstari, anajaribu kupitia kulia. Wa pili anamfuata. Mwingine anakwenda kushoto kwenye kifusi. Baada ya robo saa upande huu una mistari minne na upande wa pili pia una minne, na wakikutana katikati hakuna wa kwenda wala wa kurudi. Misongamano mingi tunayomlaumia mwanakandarasi, ile ya watu kulala barabarani na watoto wadogo, hufungwa fundo namna hiyo, na pikipiki nazo huwa zimeziba kila upenyo ambao askari wa trafiki angeutumia kulifungua.

Siku moja nilisimama karibu na Kinungi, mbele ya msichana aliyeshika kile kibao cha duara, upande mmoja chekundu cha kusimamisha, upande wa pili kijani cha kuruhusu. Alikuwa amefunga leso puani na mdomoni, kofia ya plastiki kichwani, na simu ya upepo mkononi. Vumbi lilikuwa limeingia hadi kwenye kope zake. Nikamuuliza, "Binti yangu, tutakaa sana?"

"Zima injini tu, mzee," akanijibu. "Upande ule bado wana trela."

Nikazima. Injini inayopozwa kwa upepo haipendi kunguruma ikiwa imesimama, na yangu ilikuwa imeanza kunuka joto. Tukazungumza. Akanieleza kwamba upande wake ukimaliza kupita, humtajia mwenzake wa ng'ambo gari la mwisho: wa mwisho ni lori la bluu, au wa mwisho ni matatu ya Nakuru. Mwenzake akiliona hilo lori la bluu linatoka, anajua njia iko tupu, anaachilia magari yake. "Sasa nikishasema wa mwisho ni lori la bluu, halafu pikipiki ikanipita hapa kwa kasi, mwenzangu hana habari nayo. Huyo anakwenda kukutana na trela huko kwenye kona, na hakuna pa kukwepea. Mimi ndiye nitakayesikia kishindo."

Alisema hivyo bila hasira. Wanaomtukana, akaongeza, wapo kila siku, na matusi amezoea. Asichozoea ni kutazama mgongo wa mtu anayekwenda kwenye hatari ambayo yeye anaijua. Nawaomba, wenzangu wa pikipiki, mkifika kwenye kibao chekundu mkumbuke kwamba kuna mtu amekwisha kulitaja gari la mwisho, na si lenu.

Sasa, kwa anayekwenda Nakuru au ng'ambo ya Nakuru, na hana abiria wa kumshusha Naivasha, ipo njia ya tatu. Naipenda kuliko zote mbili, na sababu ya kuipenda nitaieleza.

Ukitoka Rironi shika barabara ya juu: Kamandura, Uplands, Kimende. Sehemu hiyo huna budi kuivumilia pamoja na ujenzi wake. Unafika maeneo ya Soko Mjinga, penye karoti zilizooshwa zikapangwa mafungu na matunda ya damu yaliyojaa ndoo, halafu Flyover. Hapo iache barabara kuu. Pinda kulia, uelekee Njabini. Lami ni nyembamba lakini ni lami, na katika kilomita chache za mwanzo masikio yako yatashangaa. Hakuna breki za upepo za matrela, hakuna honi. Kuna upepo na ng'ombe.

Hii ni Kinangop. Kutoka Njabini unapita Engineer, kisha Ndunyu Njeru, na unaendelea hadi Ol Kalou, makao makuu ya kaunti ya Nyandarua. Upande wako wa kulia, njia nzima, inakwenda nawe safu ya milima ya Nyandarua, ile ambayo wakoloni waliiita Aberdare. Kilele cha Kinangop kina mita 3,906. Ndani ya msitu ule, katika miaka ya 1950, Dedan Kimathi na wenzake walipigana na Waingereza, wakilala kwenye baridi ambayo wewe unaionja kwa saa moja tu ukiwa na glavu. Mbele zaidi unasimama Kipipiri, mlima ulio peke yake, mita 3,349, na nyuma yake ni bonde la Wanjohi, ambako masetla matajiri waliponda raha kati ya vita viwili vya dunia juu ya ardhi isiyokuwa yao. Upande wa kushoto nchi ni tambarare, viazi, kabichi na malisho, mpaka inapofika ukingoni na kuporomoka Bonde la Ufa.

Karibu na Njabini liko bwawa la Sasumua, lililojengwa miaka ya 1950 ili kuupa mji wa Nairobi maji. Wengi wetu wa Nairobi tunaopita hapo tumekunywa chai ya asubuhi kwa maji hayo bila kujua yanatoka wapi. Na katika nyasi za Kinangop, zile chache ambazo hazijalimwa, anaishi ndege mdogo wa kifua cha njano ambaye hapatikani popote duniani nje ya Kenya. Nyasi zikiisha, naye ataisha. Ukisimamisha pikipiki kando ya malisho ukakaa kimya, unaweza kumwona akitembea chini, maana haruki mbali.

Pikipiki yako nayo italihisi eneo hili. Kinangop ipo juu ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Injini ndogo ya kabureta, ile tunayopandia kila siku, hukosa karibu robo ya nguvu ambazo ingekuwa nazo Mombasa. Petroli inazidi hewa, plagi inashika masizi, na mlimani pikipiki inavuta kwa uzito hasa ukiwa umebeba mtu. Haijaharibika. Shusha gia, iache izunguke haraka zaidi, usiilazimishe kupanda kwa gia ya nne. Na usiku usilale nayo nje bila kuifunika, kwa sababu huko kuna asubuhi ambazo umande umeganda juu ya viazi.

Nimesema nitaeleza sababu ya kuipenda njia hii. Mandhari ni sehemu tu. Sababu kubwa ni kwamba ni barabara ya watu wanaofanya kazi kwa pikipiki, na kwa kweli sijui mahali pengine ambapo nimeona ufundi wa kuendesha unaozidi wao. Kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, Kinangop ni ya maziwa. Kijana anatoka kwenye vijia vya matope akiwa na mitungi ya alumini, mmoja kila upande na mwingine nyuma yake, imefungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tairi za ndani za magari. Maziwa yamekamuliwa kabla ya alfajiri. Yasipofika kwenye kituo cha kupozea kwa wakati, yanakataliwa, na familia nzima iliyoamka saa 10 usiku imefanya kazi ya bure. Maziwa yaliyo ndani ya mtungi usiojaa yanacheza. Akifunga breki ghafla, yanasukuma mbele, akikata kona, yanamvuta nje. Nilimtazama mmoja akivuka tuta lililochongoka karibu na Engineer. Alipunguza mwendo mapema kabisa, akaliingia kwa mshazari, gurudumu la mbele likapanda na kushuka, akangoja nusu pumzi mpaka maziwa yatulie, ndipo akaliruhusu la nyuma. Hakuna tone lililomwagika. Darasa la udereva lingeweza kumwita mtu yule akafundishe.

Basi fikiria asubuhi hiyo hiyo, kundi la pikipiki kubwa kumi na tano kutoka Nairobi zinampita kijana huyu kwa kilomita 120 kwa saa, kwenye barabara isiyo na ukingo, na mitungi yake imetokeza pande zote mbili. Upepo wa pikipiki hizo tu unatosha kumyumbisha. Ongeza mikokoteni ya punda, ambayo ni mingi huko na haina taa. Ongeza kondoo. Ongeza watoto wa shule wanaotembea kandokando ya lami kwa sababu hawana pengine pa kutembea.

Pale Ndunyu Njeru nilikunywa chai kwa mama mmoja anayeuza viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa yasiyopungua. Alinikaribisha vizuri, akanisogezea kiti karibu na jiko, akaniuliza habari za ujenzi huko chini, maana viazi vyake navyo hupelekwa Nairobi na lori hukwama. Nilipokuwa nalipa akaniambia, "Baba, karibuni tena, njia ni ya wote. Lakini waambie wenzako wakifika pale shuleni wapunguze. Watoto wetu hawajazoea mwendo wenu."

Nimeleta ujumbe wake kama alivyoutoa. Barabara kuu inapofungwa, sisi tunaokimbilia pembeni hubeba haraka yetu yote na kuimwaga mbele ya milango ya watu. Kilomita ile ile ambayo kwetu ni mkato, kwao ni uwanja wa soko, njia ya kisimani, njia ya kanisani. Ukiamua kupita Kinangop, panga kupita polepole, au baki kwenye foleni ya Kinungi. Hilo nalisema kwa uzito, kwa sababu nimeanza kusikia wenyeji wakitamani tusipite.

Kutoka Ol Kalou kuna njia mbili nzuri. Mwenye siku nzima anaweza kuendelea kaskazini kuelekea Nyahururu na kulipitia ziwa Ol Bolossat, penye viboko na ndege wa maji, ziwa ambalo wakazi wa Nyandarua wamehangaika kulilinda lisikauke. Anayekwenda Nakuru ashike ya Dundori. Inapanda kidogo, inaingia kwenye miti, na baada ya Dundori inaanza kuteremka kuelekea Lanet. Mahali fulani kwenye mteremko huo miti inaachana na Nakuru yote inaonekana chini: mabati ya mji, ziwa, na mlima Menengai upande wa kulia. Simama kando kabisa ya barabara ndipo utazame, kwa sababu mteremko una kona na malori ya viazi hushuka yakiwa yamejaa. Shukia gia ya pili au ya tatu, usining'inie kwenye breki hadi ziishe nguvu.

Njia hii ni ndefu kuliko barabara kuu, sitaki kumdanganya mtu. Siku ambayo barabara kuu inatembea, itakuchelewesha. Siku iliyofungana, huenda ukafika mapema au ukafika sawa na wengine, lakini utafika hujavuta moshi wa dizeli asubuhi nzima.

Wale wa Kericho, Kisii na Kisumu wana chaguo jingine, na hili nitalipitia haraka. Tokea Ngong, uvuke vilima chini ya mitambo ile ya upepo, ushuke Kimuka hadi Suswa, kisha Narok, Bomet, Sotik na Kericho. Nakuru hutaiona kabisa. Mteremko wa Ngong ni mzuri mno, na twiga wanaweza kuvuka mbele yako mchana kweupe. Ila huko hakuna kivuli, vituo vya mafuta vimeachana sana, upepo wa ubavuni unasukuma pikipiki nyepesi, na ng'ombe wa Wamaasai wana haki ya njia kabla yako. Beba maji. Na miezi ya masika kuwa mwangalifu na eneo lote la Suswa na Mai Mahiu. Machi 2018 ardhi ilipasuka na kuikata barabara ya Narok, na Aprili 2024 maji yalishuka usiku karibu na Mai Mahiu yakachukua nyumba na makumi ya watu waliokuwa wamelala. Mvua ikinyesha ukingoni, usivuke korongo lenye maji hata kama aliyekutangulia amevuka.

Atakayelazimika kubaki barabara kuu naye asidhani amekosa kila kitu. Ukikwama Gilgil, uko kando ya Kariandusi, ambako Louis Leakey alichimba mwishoni mwa miaka ya 1920 akakuta mashoka ya mawe ya binadamu wa kale, mengine ya kioo cheusi cha volkano. Yamelazwa pale pale ardhini yalipopatikana, na mlinzi atakuonyesha. Ng'ambo kidogo ni ziwa Elementaita, ambalo pamoja na Nakuru na Bogoria liliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Ukikwama kwenye mteremko wa Mai Mahiu, lipo lile kanisa dogo la mateka Waitalia, la mwaka 1942. Waliletwa kama wafungwa wa vita kuichonga barabara hiyo hiyo ukingoni, na wakajenga pa kusalia, padogo kiasi kwamba watu kumi na wawili wanajazana. Pikipiki unaweza kuiegesha mahali ambapo gari haliwezi. Itumie nafasi hiyo upumzishe mgongo.

Kwa wenye mamlaka nina maombi, na nayatoa kwa heshima. La kwanza ni matangazo. Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, na wanakandarasi wake wanajua tangu wiki iliyotangulia ni sehemu gani watakata lami na kwa saa ngapi. Ijumaa jioni ratiba hiyo isomwe redioni kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, pamoja na kutaja njia mbadala na hali yake. Mwanabodaboda aliyeko Kimende hana muda wa kutafuta tangazo la picha kwenye simu, lakini redio anayo masikioni.

La pili ni mchepuko wenyewe, ule wa kupitishia magari penye ujenzi. Unapojengwa uachiwe kipande cha kando, hata cha mita moja na nusu, kilichoshindiliwa na kusafishwa kokoto, kwa ajili ya pikipiki, baiskeli na mikokoteni. Ngazi zile za lami ziwekewe mshazari kila jioni kabla ya wafanyakazi kuondoka. Gharama yake ni ndogo na itaokoa shingo za watu. Waenda kwa miguu na watu wa pikipiki ndio wanaoongoza kufa katika barabara za nchi hii, na kila mwenye ofisi inayohusika analijua hilo.

La tatu ni la baada ya ujenzi. Ile barabara ya juu ya Nairobi, Expressway, ilipofunguliwa mwaka 2022 pikipiki zilizuiwa kupita. Huenda palikuwa na sababu, maana mjini kuna barabara nyingine chini yake. Rironi hadi Mau Summit ni jambo tofauti. Ni barabara ya wakulima, ya wauguzi wa zahanati, ya mafundi, na wengi wao chombo walichonacho ni pikipiki. Swali la wapi watapita lijibiwe sasa, wakati vigingi vinapigwa, lisingojewe mpaka siku ya kukata utepe. Na fungu dogo litengwe kwa barabara ya Njabini hadi Ol Kalou na ile ya Dundori, ambazo zinabeba mzigo ambao hazikujengwa kuubeba. Ziwekwe alama za shule, matuta yapakwe rangi yaonekane, mashimo yazibwe kabla ya masika.

Kwa atakayeondoka kesho alfajiri, basi, ni hivi. Jaza tangi Limuru. Kaza mnyororo na uupake mafuta leo jioni, usingoje asubuhi. Vaa koti zito na glavu hata kama Nairobi kuna joto. Toka Rironi saa 12 kamili, mitambo haijaanza kazi, uwe Flyover kabla ya saa 1 na nusu. Ukiingia Njabini vijana wa maziwa watakuwa barabarani. Waache wapite, kunywa chai, uwafuate taratibu hadi wapinde kwenye vituo vyao. Mvua ya Nyandarua hupenda kushuka mchana, kwa hiyo mteremko wa Dundori uwe umeumaliza kabla ya saa 8. Lanet utaingia tena barabara kuu na kuyakuta matingatinga yake, lakini kutoka hapo mjini Nakuru ni mwendo mfupi.